Kusafiri Nje ya Nchi na Dawa Ulizoandikiwa na Daktari: Mwongozo Kamili

Dawa uliyoandikiwa na daktari ni halali mahali ulipoandikiwa. Ukishavuka mpaka, uhalali wake hupimwa upya kwa sheria za nchi unayoingia, na afisa wa forodha aliye mbele yako halazimiki kuikubali saini ya daktari asiyemfahamu. Mwaka 2017 mtalii mmoja kutoka Uingereza alikamatwa nchini Misri akiwa na vidonge 290 vya tramadoli, dawa ya maumivu ambayo kwao hutolewa kwa cheti cha daktari, na mwezi Desemba mwaka huohuo akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Alijitetea kwamba alikuwa akimpelekea mwenzi wake mwenye maumivu ya mgongo. Mambo matatu yalimponza kwa pamoja: dawa yenyewe ilikuwa imedhibitiwa katika nchi aliyoingia, idadi ya vidonge ilikuwa kubwa kuliko mahitaji ya mgeni wa muda mfupi, na mwenye dawa hakuwa yeye. Karibu kila tatizo la msafiri mwenye dawa huangukia katika mojawapo ya hayo, yaani aina, kiasi au umiliki, na yote matatu hurekebishwa kabla ya kuondoka, si mbele ya meza ya ukaguzi.

Kwa sababu hiyo, anza maandalizi miezi miwili kabla ya safari. Mwezi mmoja unaweza kutosha kwa mtu anayetumia dawa za kawaida za shinikizo la damu, lakini ni muda wa kubanana kwa yeyote ambaye dawa yake inahitaji kibali cha serikali ya nchi nyingine.

Hatua ya kwanza: andika kilichomo ndani ya kila dawa

Chukua kila boksi, chupa na kopo ulilonalo, uandike jina la asili la dawa, yaani jina la kemikali inayotibu, pamoja na jina la kibiashara lililoandikwa kwa herufi kubwa. Sheria za nchi hutaja kemikali, na mara nyingi jina la kibiashara halimwambii chochote mfamasia wa ng'ambo. Baya zaidi, jina hilo linaweza kumpotosha. Flomax nchini Marekani ni tamsulosini, dawa ya wanaume wenye shida ya tezi dume, ilhali nchini Italia jina hilohilo limetumika kwa dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu. Dilacor imekuwa diltiazemu nchini Marekani na digoksini nchini Serbia. Zote mbili ni dawa za moyo, lakini kumpa mgonjwa moja badala ya nyingine kunaweza kumuua.

Hata jina la asili halifanani kila mahali. Parasetamoli huitwa asetaminofeni nchini Marekani, salbutamoli ya wagonjwa wa pumu huitwa albuteroli, glibenklamidi ya kisukari huitwa gliburaidi, na adrenalini huitwa epinefrini. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa majina ya kimataifa ya dawa, na hilo ndilo jina la kutanguliza kwenye orodha yako. Majina mengine yaandike pembeni.

Orodha isiishie kwenye dawa za kuandikiwa. Jumuisha dawa ya kikohozi, vidonge vya mafua, dawa za mzio, za usingizi, za mitishamba na virutubisho. Dawa nyingi za kikohozi zina kodeini ndani yake, na vidonge vingi vya mafua vina pseudoefedrini, kemikali ambayo hutumika kutengenezea methamfetamini na kwa hiyo imepigwa marufuku au kuwekewa mipaka katika nchi kadhaa, zikiwemo Meksiko na Japani. Zambia imewahi kuwakamata wasafiri kwa sababu ya dawa ya mzio yenye difenhidramini, ambayo katika nchi nyingi hununuliwa dukani bila cheti chochote.

Hatua ya pili: jua dawa yako iko kundi gani

Nchi nyingi zimetia saini mikataba miwili ya Umoja wa Mataifa, mmoja wa mwaka 1961 unaohusu dawa za kulevya na mwingine wa mwaka 1971 unaohusu kemikali zinazoathiri akili. Mikataba hiyo haikuandikwa ili kumsumbua mgonjwa. Lakini kwa kuwa dawa nyingi za hospitali zimo ndani ya majedwali yake, mgonjwa hujikuta akihojiwa chini ya sheria zilezile zinazomlenga mfanyabiashara haramu. Ukiona dawa yako imo katika kundi lolote kati ya haya yafuatayo, ichukulie kuwa inahitaji uchunguzi wa pekee: dawa za maumivu makali kama mofini, kodeini, oksikodoni, fentanili na metadoni, dawa za wasiwasi na usingizi kama diazepamu, lorazepamu, alprazolamu na zolpidemu, dawa za kuongeza umakini kama metilfenideti na zile za jamii ya amfetamini, na fenobarbitali, dawa ya kifafa ambayo watumiaji wake wengi hawajui kabisa kwamba imo katika majedwali ya mkataba wa 1971.

Kutokuwemo katika majedwali hayo si kinga. Tramadoli haiko chini ya udhibiti wa kimataifa, na bado nchi moja moja zimeidhibiti kwa sheria zao kwa sababu ya matumizi mabaya mitaani. Bangi ya tiba nayo inastahili onyo lake peke yake. Kibali cha daktari cha kutumia bangi hakivuki mpaka, hata pale inapokuwa halali upande wa kuondokea. Mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, Brittney Griner, alikamatwa nchini Urusi Februari 2022 akiwa na mafuta ya bangi ya kuvuta, ingawa alikuwa na idhini ya daktari nyumbani kwao; Agosti mwaka huo alihukumiwa miaka tisa, na aliachiliwa Desemba kwa kubadilishana wafungwa. Ushauri wangu ni mfupi: usisafiri nayo, wala usisafiri na mafuta yanayotokana na mmea huo, hata kama lebo inadai hayaleweshi.

Hatua ya tatu: tafuta sheria ya kila nchi, pamoja na ile unayopitia tu

Mahali pa kuanzia ni tovuti ya Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, yenye makao yake Vienna, ambayo hukusanya kanuni za nchi mbalimbali kwa wasafiri wanaobeba dawa zilizodhibitiwa. Si nchi zote zimewasilisha kanuni zao, na zilizowasilisha huzibadilisha, kwa hiyo itumie bodi hiyo kujua uulize nini, kisha upeleke swali lenyewe ubalozini au kwa wizara ya afya ya nchi husika. Uliza kwa barua pepe. Jibu la simu halina thamani mbele ya afisa wa forodha, ilhali barua pepe iliyochapwa, yenye tarehe na jina la ofisi iliyojibu, inaonyesha angalau kwamba hukuja kwa kificho. Katika swali lako taja jina la asili la dawa, nguvu ya kila kidonge, idadi utakayobeba, ugonjwa, na tarehe za kuingia na kutoka.

Tofauti kati ya nchi na nchi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Japani humruhusu msafiri kuingia na dawa za kawaida za kuandikiwa zinazotosha mwezi mmoja. Akitaka kubeba zaidi ya hapo lazima apate mapema hati inayoitwa Yunyu Kakunin-sho. Dawa za kundi la mofini zinahitaji kibali tofauti cha idara ya kudhibiti dawa za kulevya, na dawa zenye amfetamini haziruhusiwi kabisa, uwe na barua ya daktari au usiwe nayo. Hapo hakuna cha kuomba: mgonjwa anayezitumia inabidi azungumze na daktari wake kuhusu dawa mbadala au kuhusu safari yenyewe. Singapore hutaka idhini ya mapema kwa dawa kadhaa za usingizi, za wasiwasi na za maumivu makali, na huweka kikomo cha matumizi ya miezi mitatu. Falme za Kiarabu zina mfumo wa kuomba kibali kwa njia ya mtandao kabla ya kufika. Uingereza hutaka leseni pale dawa iliyodhibitiwa inapofikia matumizi ya miezi mitatu. Chini ya hapo, barua ya daktari inatosha. Marekani kwa kawaida huruhusu kiasi kisichozidi siku 90. Katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, mkazi wa mojawapo ya nchi wanachama hupewa na mamlaka za nchi yake cheti maalumu cha kubebea dawa za kulevya za matibabu kwenda nchi nyingine mwanachama, nacho hudumu siku 30. Anayetoka nje ya eneo hilo hana cheti cha namna hiyo, na inambidi aulize kila nchi atakayoingia.

Wasafiri wengi husahau nchi ya kupitia. Ukibadilisha ndege bila kutoka katika eneo la abiria wa kupita, huenda usikutane na forodha, lakini bado uko katika ardhi ya nchi hiyo na mizigo yako inaweza kukaguliwa. Ndege ikichelewa ukapelekwa kulala hotelini, utapita uhamiaji na forodha kama mgeni mwingine yeyote. Ikiwa dawa yako imepigwa marufuku katika nchi ya kupitia, badilisha njia ya safari kabla ya kulipa tiketi. Kwa hiyo utafiti huu ungepaswa kutangulia ununuzi wa tiketi, na si kuufuata kama wengi wetu tunavyofanya. Anayesafiri kwa basi, treni au meli naye ahesabu kila mpaka atakaouvuka.

Hatua ya nne: kaa na daktari wako

Mpelekee daktari orodha yako, majibu ya ubalozi na ratiba ya safari. Mazungumzo hayo yana shughuli tatu. Kwanza ni kuangalia kama hali yako imetulia vya kutosha kusafiri, kwa sababu si busara kubadilishiwa dozi juma moja kabla ya kupanda ndege. Pili ni kupatanisha dawa zako na zile za safari. Meflokwini ya kuzuia malaria haimfai mwenye kifafa au historia ya ugonjwa wa akili, na chanjo ya homa ya manjano, ambayo ni chanjo hai, kwa kawaida hapewi mtu anayetumia dawa za kupunguza kinga ya mwili; mtu huyo huhitaji hati ya daktari ya msamaha wa chanjo, na bado aulize kama nchi anayokwenda inaikubali. Tatu ni barua.

Barua nzuri haina maneno mengi. Iandikwe kwenye karatasi yenye anwani ya hospitali au kliniki, iwe na tarehe ya karibuni, saini, muhuri na namba ya usajili wa daktari, na ikiwezekana itafsiriwe katika lugha ya nchi unayokwenda, au angalau iwe kwa Kiingereza. Kwa mgonjwa wa kifafa atakayekuwa nje kwa siku 28, kiini chake kingesomeka hivi:

"Nathibitisha kwamba (jina kama lilivyo kwenye pasipoti), aliyezaliwa tarehe (…), mwenye pasipoti namba (…), ni mgonjwa ninayemtibu kwa ugonjwa wa kifafa. Anatumia fenobarbitali, vidonge vya miligramu 60, kidonge kimoja kila usiku kwa mdomo. Kwa safari yake ya kuanzia tarehe (…) hadi tarehe (…) anabeba vidonge 35, ambavyo kwa jumla vina gramu 2.1 za fenobarbitali. Dawa hii ni kwa matumizi yake binafsi na haipaswi kusimamishwa ghafla."

Tazama mambo mawili katika barua hiyo. Jumla ya dawa imetajwa kwa gramu kwa sababu nchi kadhaa huweka kikomo kwa uzito wa kemikali, si kwa idadi ya vidonge, na afisa asiye mtaalamu hapaswi kuachiwa kazi ya kuzidisha. Sentensi ya mwisho nayo haikuwekwa kwa adabu tu: ndiyo inayomweleza anayefikiria kuizuia dawa kwamba mgonjwa anaweza kupata degedege. Mwenye sindano, pampu ya insulini, kifaa cha moyo kilichopandikizwa au mashine ya kupumulia usiku aombe vifaa hivyo navyo vitajwe.

Jina kwenye barua, kwenye lebo ya dawa na kwenye pasipoti liwe moja, herufi kwa herufi. Aliyebadilisha jina baada ya ndoa, au ambaye hospitali humwandika kwa jina la kifupi, alishughulikie hilo mapema. Mzazi anayebeba dawa ya mtoto awe na barua yenye jina la mtoto, na wasafiri pamoja.

Hatua ya tano: amua kiasi

Beba dawa za siku zote za safari na ziada ya wiki moja kwa ajili ya ndege iliyoahirishwa au kidonge kilichoanguka, ilimradi jumla isivuke kikomo cha nchi yenye kikomo kidogo kuliko zote utakazoingia. Kama unapita nchi tatu, moja ikiruhusu siku 90 na nyingine siku 30, basi wewe ni msafiri wa siku 30. Bima nyingi na maduka ya dawa hayatoi dawa kabla ya tarehe ya kawaida, kwa hiyo omba mapema ruhusa ya kupewa dawa za miezi miwili au mitatu kwa mkupuo.

Kwa safari ndefu, tuseme mwaka wa masomo, usipange kubeba kila kitu. Panga kumwona daktari wa huko ndani ya mwezi wa kwanza, ukiwa na muhtasari wa matibabu yako, na hakikisha kabla ya kuondoka kwamba dawa yako inauzwa huko. Dawa ya kawaida sana katika nchi moja inaweza isiwepo kabisa katika nyingine: metamizoli, ambayo wagonjwa wa Ujerumani na Hispania huitumia kwa maumivu na homa, iliondolewa sokoni Marekani kwa sababu ya hatari yake kwa chembe nyeupe za damu. Kama haipo, heri ubadilishiwe ungali chini ya uangalizi wa daktari anayekufahamu.

Hatua ya sita: fungasha

Dawa zikae katika vifungashio vyake vya awali vyenye lebo ya duka la dawa, jina lako na maelekezo ya matumizi. Vile vijisanduku vyenye vyumba vya siku saba ni msaada mkubwa nyumbani na ni mzigo mpakani, kwa kuwa kidonge kisicho na lebo hakiwezi kujitambulisha. Kibebe kijisanduku kikiwa kitupu, ukijaze ukishafika. Kama boksi ni kubwa mno, omba duka la dawa likupe chombo kidogo chenye lebo kamili, na usikate kipande cha karatasi ya vidonge chenye jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Dawa zote za lazima ziwe kwenye begi la mkononi. Mizigo inayopakiwa chini ya ndege huchelewa, hupotea, na wakati mwingine hupatwa na baridi au joto kali. Kanuni ya mililita 100 za vimiminika, iliyoanza mwaka 2006, kwa ujumla haizihusu dawa za lazima, lakini zitoe nje ya begi na umwambie mkaguzi kabla hajakuuliza. Betri za akiba za vifaa vyako nazo ziwe mkononi, kwa kuwa betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi katika mizigo ya chini. Nakala za barua, cheti cha dawa na vibali ziwe seti mbili za karatasi, moja begini na nyingine kwa unayesafiri naye, pamoja na picha kwenye simu. Usitegemee simu peke yake.

Baridi na joto vinadai uangalifu zaidi kwa wanaotumia insulini. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na iliyofunguliwa huweza kukaa kwenye joto la kawaida la chumba kwa takriban wiki nne kulingana na aina yake. Soma karatasi ya maelezo ya aina yako. Adui ambaye watu hawamwogopi vya kutosha ni baridi: insulini iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kwa hiyo kifurushi cha barafu kisigusane na kalamu au vichupa. Zungushia kitambaa katikati, na usiiweke dawa karibu na sehemu ya kugandishia katika friji ndogo ya hotelini. Vidonge vya nitrogliserini vya maumivu ya kifua vibaki katika chupa yake ya kioo, kwa sababu hupoteza nguvu vikihamishiwa kwenye plastiki. Sindano ya adrenalini haitaki friji wala jua, na hakuna dawa inayofaa kuachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Hatua ya saba: ukaguzi wa usalama na forodha ni vitu viwili

Mkaguzi wa usalama anatafuta kinachoweza kuhatarisha ndege. Forodha inaangalia kinachoingia nchini. Kupita kwa mmoja hakumaanishi umepita kwa mwingine, na wengi hukosea kwa kudhani kwamba dawa iliyoruhusiwa kupanda ndege imeruhusiwa pia kushuka. Mwenye pampu ya insulini au kipima sukari kilichobandikwa mwilini asome maelekezo ya mtengenezaji kuhusu mashine za eksirei na za kukagua mwili mzima, kisha aombe kukaguliwa kwa mkono pale yanapokataza.

Kwenye forodha, ukiwa na dawa iliyodhibitiwa au yenye kibali, pita njia nyekundu, ile ya wenye vitu vya kutangaza, utangaze. Kama fomu ya kuingilia inauliza kuhusu dawa, jibu ndiyo. Msafiri aliyetangaza dawa isiyoruhusiwa mara nyingi huipoteza dawa. Msafiri aliyeificha anaweza kupoteza uhuru wake. Jibu unachoulizwa, onyesha karatasi kwa utaratibu, na kamwe usikubali kubeba dawa ya mtu mwingine, awe jirani wa kiti au jamaa anayekuomba umfikishie mgonjwa wake. Ukishaibeba ni yako mbele ya sheria.

Hatua ya nane: panga saa

Kusafiri kuelekea mashariki hufupisha siku, na kuelekea magharibi huirefusha. Kwa vidonge vingi vya mara moja kwa siku, tofauti ya saa chache haina madhara makubwa, na unaweza kusogeza muda kwa saa moja au mbili kila siku hadi ulingane na saa za huko. Zipo dawa zisizovumilia ulegevu huo. Vidonge vya uzazi wa mpango vya aina ya zamani vyenye homoni moja ya projestojeni huruhusu kuchelewa kwa saa tatu tu, ilhali vile vya desogestreli huruhusu saa 12. Levodopa ya ugonjwa wa Parkinson huhesabiwa kwa umbali kati ya dozi na dozi, si kwa saa ya ukutani. Mwenye kifafa ajue kwamba kukosa usingizi kunaweza kuleta degedege hata kama hakuruka kidonge.

Insulini huhitaji ratiba iliyoandikwa na daktari au muuguzi wako kwa safari hiyohiyo, saa kwa saa, kwa kuwa siku iliyofupishwa inaweza kudai dozi ndogo na iliyorefushwa dozi ya nyongeza. Acha saa moja ya mkononi ikisoma muda wa nyumbani mpaka ufike. Ukifika, angalia kipima sukari chako kinasoma kwa kizio kipi: baadhi ya nchi hutumia milimoli kwa lita na nyingine miligramu kwa desilita, na ili kupata ya pili unazidisha ya kwanza kwa 18, hivyo 7 kwa kizio cha kwanza ni kama 126 kwa cha pili. Ukilazimika kununua insulini huko, soma nguvu yake. Iliyozoeleka ni ya yuniti 100 kwa mililita, lakini ya yuniti 40 bado ipo katika baadhi ya nchi, na bomba la sindano lililochorwa kwa ajili ya yuniti 40 likijazwa insulini ya 100 hutoa dozi mara mbili na nusu ya iliyokusudiwa.

Dawa zikipotea, zikiisha au zikikuingiza matatani

Zikiibiwa, toa taarifa polisi uchukue hati, kisha uende hospitalini na barua yako. Cheti cha nchi nyingine mara nyingi hakikubaliwi dukani mpaka daktari wa huko aandike kipya. Kampuni ya bima ya safari au ubalozi wako unaweza kukutajia hospitali. Nunua katika duka la dawa lenye leseni na uombe risiti. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, karibu bidhaa moja ya tiba kati ya kumi ni duni au bandia, kwa hiyo bei ya kushangaza sokoni ni sababu ya kuondoka.

Usiombe utumiwe dawa kwa posta kabla ya kuuliza. Vifurushi vina sheria kali kuliko begi la msafiri, na nchi nyingi huvizuia kabisa vyenye dawa zilizodhibitiwa. Mwaka 2015 mkuu mmoja wa kampuni kubwa ya magari, raia wa Marekani, alikamatwa mjini Tokyo kwa sababu ya vidonge 57 vya oksikodoni vilivyokutwa katika kifurushi alichotumiwa. Aliachiliwa bila kushtakiwa baada ya takriban wiki tatu, akiwa tayari amejiuzulu.

Ukizuiliwa, omba mkalimani na usitie saini maandishi usiyoyaelewa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, katika kifungu chake cha 36, unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Tamka ombi hilo waziwazi. Ubalozi hauwezi kukutoa kizuizini, lakini unaweza kukupa orodha ya mawakili, kuwapasha habari ndugu zako, na kufuatilia ili upatiwe matibabu. Mweleze anayekushikilia, tangu saa ya kwanza, dawa ambayo huwezi kukaa bila kuitumia.

Kurudi nyumbani

Nchi yako nayo ina forodha. Dawa ya kodeini uliyoinunua ng'ambo bila cheti inaweza kuhitaji cheti unaporejea, na ni vizuri ulijue hilo kabla ya kuipakia. Kwa dawa zilizotolewa kibali, uliza kama kutoka nazo kunahitaji karatasi nyingine: Japani, kwa mfano, hutoa kibali cha kuingiza dawa za kulevya za matibabu na kibali tofauti cha kutoka nazo, na vyote viwili huombwa kabla ya safari. Vidonge vilivyobaki vilingane na siku ulizokaa. Sindano zilizotumika zikae katika chombo kigumu chenye kifuniko, zikabidhiwe hospitalini au kwenye duka la dawa linalozipokea huko huko, kamwe zisiachwe katika kapu la taka la chumba cha hoteli ambalo mhudumu atalimwaga kwa mkono.